Kucha Husomwa, Hazipigwi

Katika shule zetu za msingi iko desturi moja iliyozoeleka mno, hata hakuna tena anayeiuliza maswali. Ni ukaguzi wa kucha. Siku ya ukaguzi wanafunzi hupangwa mstarini, hunyoosha mikono mbele, na mwalimu wa zamu hupita akiwa na fimbo. Mwenye kucha ndefu hupigwa. Mwenye kucha chafu hupigwa. Mwenye kucha zilizong'atwa naye hupigwa, kwa sababu amejikata kwa meno kama mnyama. Na aghalabu hupigwa juu ya vidole vile vile vilivyokaguliwa. Kisha mwalimu hurudi ofisini akiamini kwamba amefundisha afya.

Nasema bila kumung'unya maneno kwamba hajafundisha afya. Amefundisha woga, na papo hapo ameshika mikononi mwake barua muhimu kutoka ndani ya mwili wa mtoto, akaichapa bila kuisoma.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Kazi hii niliisomea Chuo cha Ualimu Mpwapwa, chuo kilichoanzishwa mwaka 1926, nikaifanya mpaka nikastaafu nikiwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Sasa nimeupita umri wa miaka 70 na naishi hapa Kikuyu, mjini Dodoma, jirani na viwanja vilivyokuwa vya Sekondari ya Mazengo, ambavyo tangu mwaka 2007 ni vya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana. Kila asubuhi watoto hupita mbele ya baraza yangu, huyu na fagio, yule na kidumu cha maji. Siku za ukaguzi huwaona wakienda huku vidole viko mdomoni. Si njaa hiyo. Wanapunguza kucha kwa meno kabla hawajafika mstarini, maana nyumbani wembe haukupatikana. Hapo ndipo hoja yangu inapoanzia. Fimbo tuliyoishika ili tuwafundishe watoto usafi ndiyo inayowafundisha wengi kung'ata kucha.

Mtu asinielewe vibaya akadhani natetea uchafu. Mimi ni wa kizazi cha Mtu ni Afya. Mwaka 1973 tulikaa chini ya miti na wananchi, redio katikati, tukasikiliza vipindi vya kampeni ile, tukajadiliana, kisha tukachimba vyoo. Karibu watu milioni 2 nchini walishiriki. Najua mayai ya minyoo hujificha chini ya kucha ndefu na huingia tumboni kwa njia ya mdomo. Najua trakoma, ugonjwa wa macho uliowatesa sana watu wa Kongwa na sehemu nyingine za mkoa wetu, husafirishwa kwa vidole, nguo na nzi kutoka jicho la mtoto mmoja hadi la mwingine. Kucha fupi na safi ni jambo jema, na shule ina wajibu wa kulisimamia. Ninachopinga ni fimbo, na upofu unaofuatana nayo.

Tuanze na fimbo. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 1979, pamoja na zile zilizofuata mwaka 2002, hazikumruhusu kila mwalimu kuchapa kila mtoto kwa kila jambo. Zilisema adhabu hiyo ni kwa makosa makubwa ya nidhamu. Itolewe na mkuu wa shule, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Zile za mwaka 2002 zilitaka viboko visizidi 4. Na kila adhabu iandikwe katika daftari maalumu. Sasa mwalimu mwenzangu, nikuulize. Ukucha mrefu ni kosa kubwa la nidhamu? Mtoto wa darasa la 2 ambaye mama yake ameondoka alfajiri kwenda kuuza mboga, na ambaye hajui kushika wembe bila kujikata, amevunja nidhamu gani? Na vile viboko 60 au 70 unavyogawa mstarini kwa asubuhi moja, umeviandika katika daftari lipi?

Kuna na hatari nyingine. Nimewaona watoto, mwalimu akiwa bado mbali, wakipokezana wembe mmoja mstarini. Huyu amejikata kidogo, anampa mwenzake. Mwenzake naye anajikata. Virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini hupita katika damu, na kijembe kile hakimuulizi mtu hali yake. Tunawafundisha darasani wasichangie vitu vyenye ncha kali, kisha tunawalazimisha wachangie uwanjani.

Sasa nije kwa mng'ata kucha mwenyewe. Huyu ndiye anayeonewa kuliko wote. Tabia hii huanza mapema, aghalabu katika miaka ya kwanza ya shule au kabla yake, hushika kasi katika umri wa kubalehe, na kwa wengi hupungua utu uzima unapofika. Watu wazima waliobaki nayo nao si haba. Nimewaona maofisa wenye tai wakitafuna vidole wakisubiri kuitwa kwenye usaili. Anayefanya hivyo mara nyingi hajui kwamba amekwisha kuanza. Mkono hupanda wenyewe wakati wa wasiwasi, wa uchovu au wa kufikiri sana. Madhara yake ni ya kweli: ngozi ya kando ya ukucha huchanika, vijidudu huingia, kidole huvimba usaha na kupwita usiku kucha, kile tunachokiita mdudu wa kidole, uchafu wa mikono huingia tumboni, meno nayo huumia. Kwa hiyo inafaa mtoto asaidiwe kuiacha. Lakini jambo linalosababishwa na wasiwasi halitibiwi kwa kuongeza wasiwasi.

Katika shule moja niliyopata kufundisha, ambayo sina haja ya kuitaja, alikuwako msichana wa darasa la 5 aliyekuwa aking'ata kucha mpaka damu. Muhula mzima alichapwa kila ukaguzi ulipofika. Nyumbani walimpaka pilipili, kisha shubiri ile wanayopaka akina mama wanapomwachisha mtoto kunyonya. Akazoea uchungu wa shubiri na ukali wa pilipili, akaendelea. Hatimaye mwalimu mmoja wa kike alimwita faraghani, akamkalisha karibu naye, akamuuliza kwa upole ni wakati gani hasa mkono huenda mdomoni. Msichana akajibu, "Mwalimu, ni usiku, nikisikia baba anarudi." Baba yake alikuwa mlevi, na akirudi mama hupigwa. Wazee wa ukoo waliitwa, mambo yakasemwa, na mtoto akahamia kwa bibi yake. Hakuna aliyempaka kitu tena. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa na kucha kama wenzake.

Nataka msomaji aone jambo moja hapo. Kwa muhula mzima vidole vya mtoto yule vilikuwa vinasema, na kila mwalimu aliyevishika alivijibu kwa fimbo. Swali moja tu lilitosha.

Ukucha ni kitu cha ajabu. Ule ugumu tunaouona hauna uhai, ndiyo maana tunaukata bila maumivu. Lakini hutengenezwa na sehemu hai iliyojificha chini ya ngozi, pale kwenye shina. Ukucha wa mkono huota kiasi cha milimita 3 kwa mwezi, hivyo huchukua karibu miezi 6 kutoka shina hadi ncha. Wa mguu huenda polepole zaidi, hata mwaka mmoja au mmoja na nusu. Kwa hiyo ukucha ni daftari la mahudhurio la mwili. Mtoto akiugua sana, tuseme malaria kali au surua, shina husimama kazi kwa muda, na mfereji mdogo hutokea kukata ukucha kwa upana. Daktari Mfaransa aitwaye Beau aliueleza mwaka 1846. Mfereji ule husogea mbele kadiri ukucha unavyoota, na mtu mwenye kujua anaweza kukadiria ugonjwa ulikuwa mwezi gani.

Yako mengine yanayosomeka, na sijayatia chumvi. Kucha zilizopauka na kukosa ule wekundu wa chini yake zinaweza kuashiria upungufu wa damu. Hapo mtazame mtoto na viganja vyake, maana wahudumu wa afya hufundishwa kutazama weupe wa kiganja kwa watoto wadogo. Tazama na upande wa ndani wa kope la chini. Kwetu sisi sababu zake tunazijua: malaria ya mara kwa mara, safura iletwayo na minyoo ipenyayo nyayoni, chakula kisicho na madini ya chuma, na selimundu, ugonjwa wa kurithi ambao nchi yetu ni miongoni mwa zinazozaa watoto wengi wenye nao duniani. Upungufu wa chuma ukidumu, ukucha waweza kubonyea katikati kama kijiko, hata ukaweza kushika tone la maji. Mtoto wa namna hiyo huonekana mvivu, husinzia darasani, pengine hula udongo. Tunamchapa kwa kusinzia, tunamchapa kwa kula udongo, na mkono anaoutoa ili achapwe umepauka mbele ya macho yetu.

Kisha iko dalili ya ncha za vidole kuvimba na kuwa mviringo kama kichwa cha rungu, ukucha ukijikunja kuzifuata. Hippocrates wa Ugiriki aliiona zaidi ya miaka 2300 iliyopita. Inaweza kutokana na moyo wenye kasoro ya kuzaliwa, na mapafu yenye ugonjwa wa muda mrefu, pengine na ini. Wachache huirithi tu bila ugonjwa wowote. Leo Schamroth, bingwa wa moyo wa Afrika Kusini, aliugua moyo yeye mwenyewe, akavitazama vidole vyake vikibadilika, na mwaka 1976 akaandika kipimo ambacho hata mwanafunzi anaweza kukifanya. Gusanisha kucha za vidole viwili vya jina moja, cha kulia na cha kushoto, mgongo kwa mgongo. Kwa kawaida hubaki kitundu kidogo cha pembe nne karibu na shina la kucha. Kitundu kikitoweka, mwenye vidole hivyo na amwone daktari. Hakuna gharama, wala mashine.

Miaka ya 1980, katika shule nyingine nisiyoitaja pia, palikuwa na mvulana ambaye wenzake walimpachika jina la Rungu kwa sababu ya vidole vyake. Akikimbizwa mchakamchaka, baada ya hatua chache alichuchumaa akihema, midomo ikiwa ya bluu. Mwalimu wa michezo alimwita mtegaji. Mstarini vidole vile vilikaguliwa kila wiki, na kila wiki vilionekana visafi, akapita. Aliyevisoma mara ya kwanza alikuwa tabibu aliyekuja shuleni kwa shughuli ya chanjo. Alimtazama mtoto kwa dakika moja, akauliza habari za moyo wake. Wakati ule upasuaji wa moyo ulikuwa ni habari ya ng'ambo. Mvulana hakufika darasa la 7. Leo hali si ile. Tangu mwaka 2015 tunayo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam, na watoto hupasuliwa hapa hapa nchini. Lakini daktari bingwa hawezi kumtibu mtoto ambaye bado yuko mstarini akiitwa mtegaji.

Nitaje na mstari mweusi. Sisi watu weusi wengi tuna mistari ya rangi ya kahawia au nyeusi inayokwenda kutoka shina hadi ncha, katika kucha kadhaa, nayo haina neno. Mtu asitishike. Wa kuogopwa ni ule unaojitokeza peke yake katika ukucha mmoja, hasa wa gumba, ukawa unapanuka, rangi yake haiko sawa, au weusi wake umemwagika hadi kwenye ngozi ya kando. Hiyo yaweza kuwa saratani. Bob Marley, ambaye nyimbo zake zinapigwa hadi leo katika daladala za Dodoma, alikuwa na kidonda chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu. Wengi walidhani ni jeraha la mpira. Mwaka 1977 ikabainika kuwa ni saratani ya ngozi. Tarehe 11 Mei 1981 alifariki Miami, akiwa na umri wa miaka 36. Mficha maradhi kifo humuumbua. Na asiyeyatambua maradhi yake hana hata nafasi ya kuyaficha.

Najua watakaonipinga, maana nimeketi nao katika vikao vingi. Wa kwanza atasema, "Mwalimu si daktari." Ni kweli, wala simwombi awe daktari. Ukucha peke yake hauhukumu ugonjwa. Huonyesha tu njia ya kwenda zahanati. Vidoa vyeupe, kwa mfano, ambavyo wengi huvihofia, kwa kawaida hutokana na kugongwa kidogo na hupita vyenyewe. Kazi ya mwalimu ni kuona, kuuliza, na kumwandikia mzazi kijibarua. Dalili ya mvua ni mawingu. Huhitaji kuwa mtaalamu wa hali ya hewa ili uanue nguo.

Wa pili atasema, "Darasani nina watoto 100, nitawatazama saa ngapi?" Ndugu yangu, mbona ulipata saa ya kuwachapa? Mkono ule ule unaoushika kwa nukta 5 ili uupige, ushike kwa nukta 5 uutazame. Wa tatu atasema bila fimbo watoto watafuga kucha. Huyu namwambia shule inunue vikata kucha kadhaa na spiriti ya kuvisafishia. Bei yake haifiki ya mpira mmoja wa miguu. Anayekutwa na kucha ndefu akatwe pale pale, anawe, aende darasani.

Wala sisi watu wazima tusijione tumepona. Mwezi Septemba mwaka 2018, hapa hapa Dodoma, Spika wa Bunge wa wakati ule, Mheshimiwa Job Ndugai, aliwapiga marufuku wabunge wenye kope na kucha za bandia kuingia ukumbini. Nchi nzima ilizungumza kucha wiki ile. Wengine walishangilia adabu imerudi, wengine walilalamika wanawake wameonewa. Mimi niliketi na redio yangu nikasubiri mtu aulize chini ya kucha zile kuna nini. Nilisubiri bure. Ni mstari wa shule ule ule, tofauti ni kwamba waliopangwa walikuwa waheshimiwa. Tunajua kukataza, lakini kutazama hatujui.

Mimi simkatazi mtu urembo. Chanda chema huvikwa pete. Wajukuu zangu wa kike hupaka rangi, na wale vijana wanaopita mitaani na vikapu vya rangi nao wanatafuta riziki. Ila nawaambia wajukuu mambo matatu. Vifaa vya kukwangulia visipite kwako kabla ya kusafishwa vizuri, maana vimetoka kwa mwingine. Rangi moja ikitoka, ziacheni kucha uchi siku chache mzitazame kabla ya kupaka nyingine. Na mkienda hospitali, rangi itoke. Kile kipimo cha kubana kidoleni cha kupimia hewa katika damu, ambacho wengi tulikijua wakati wa korona, kinaweza kudanganywa na rangi nzito, na muuguzi naye anahitaji kuuona ukucha wako, si uzuri wake.

Basi nawaomba walimu wenzangu mlio kazini, na hasa wakuu wa shule na vyuo vya ualimu, mwondoe fimbo katika ukaguzi wa kucha kuanzia wiki ijayo. Hamhitaji waraka wa wizara ili mtii kanuni zilizokwisha kuandikwa. Wekeni daftari dogo mahali pa fimbo. Kwa kila mtoto tazameni mambo manne: rangi, umbo, kidonda, na meno. Penye weupe, andikeni. Penye rungu au kijiko, andikeni. Penye alama za meno, msiandike kwanza. Mwiteni mtoto pembeni, mkae naye kimo kimoja, mmuulize ni wakati gani mkono wake hupanda mdomoni. Kisha nyamazeni, mpaka ajibu.